Gavana Anachelewa

Juba, 2008

Jumapili, Mei 11

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kanisani.

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumbani sina tena wa kuzungumza naye lugha hii. Nyakuoth alikuwa Mnuer, mimi Mdinka. Tulikutana shuleni Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya, na tulipooana nyumba yetu ilikuwa na lugha moja tu, ambayo sote wawili tuliiazima kwa watu. Tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Hapa Juba watu wananisalimia kwa Kiarabu cha mjini nami naitikia. Nikishafunga mlango, hakuna anayeniita “we mtu.” Hivyo ndivyo alivyoniita. “We mtu, vua viatu.” “We mtu, njoo usikie hii mvua.”

Homa ilimchukua kwa wiki moja. Tulimzika mwezi uliopita.

Jumatatu, Mei 12

Kazini. Barafu imetoka vizuri.

Jumanne, Mei 13

Kiwanda cha barafu kiko mtaa wa Juba Na Bari, nyuma ya maduka, si mbali na mto. Mwenye kiwanda ni Janepher, mama wa Uganda mwenye sauti kubwa. Owen, naye wa Uganda, anakata mabonge na kuyabeba hadi langoni. Mimi ni mwangalizi wa injini. Ni injini ya dizeli ya zamani, ndefu kama kitanda cha watu wawili, inazungusha jenereta, na jenereta ndiyo inayotia baridi. Nyakuoth aliuza chai pale langoni. Kila asubuhi aliniuliza, “Baridi ameamka?” kana kwamba baridi ni mpangaji wetu.

Leo baada ya chakula cha mchana injini imeanza kupanda na kushuka. Inavuta juu, inalegea, inakaa kidogo kama iliyosahau jambo, kisha inavuta tena. Taa zinang’aa na kufifia nayo.

Nilisimama na kopo la mafuta mkononi. Sauti ile niliijua. Ndivyo Nyakuoth alivyokuwa akipumua siku za mwisho. Anavuta, analegea, anakaa. Na mimi nilikuwa nangoja pale anapokaa.

Jumatano, Mei 14

Asubuhi injini ilitulia kama maji ya mtungi. Mchana ikaanza tena.

Ijumaa, Mei 16

Tena. Owen aliacha bonge la barafu katikati ya mlango.

“Malith, mimi sirudi huko ndani mchana,” akasema.

“Kuna nini?”

“Weye nasikia. Hii mashine iko nahema. Nahema kama mgonjwa.”

“Ni gavana wa injini tu, anayeongoza mwendo.”

“Gavana au nani, mimi nabeba barafu asubuhi tu. Mchana nalala chini ya ule mti na hakuna mtu naniamsha.”

Owen ni mtu mkubwa, shingo yake ni pana kuliko kichwa. Bonge likayeyuka mlangoni, nami nikaruka maji kuingia.

Jumapili, Juni 1

Mvua. Nimefua shuka. Kanga yake ya zambarau sikuifua.

Alhamisi, Juni 5

Niandike kile ninachokijua, maana kukijua hakunisaidii kitu.

Gavana amekaa ubavuni mwa injini, ukubwa wa sufuria ya kupikia wali wa watu kumi, na ana mafuta yake mwenyewe tumboni. Kazi yake ni mwendo. Mzigo ukizidi, anaongeza dizeli. Mzigo ukipungua, anapunguza. Ndani yake juu kuna vyuma viwili vidogo vinavyozunguka, vikifunguka na kujifunga kufuata mwendo. Hivyo ndivyo vinavyojua kama injini inakimbia au inachoka, lakini havina nguvu ya kusukuma mkono wa dizeli. Nguvu inatoka chini kabisa, kwenye pampu.

Pampu ni gia mbili zilizoumana meno. Injini inazungusha moja, nayo inazungusha mwenzake. Mtu akitazama atadhani mafuta yanapita katikati, pale meno yanapokutana. Hapana. Yanapita pembeni. Kila pengo la jino linachota mafuta kidogo na kuyazungusha kandokando ya ukuta hadi upande wa pili. Pale meno yanakutana tena, pengo linajaa chuma, na mafuta hayana pa kukaa ila kutoka kwa nguvu. Hiyo ndiyo presha. Inasukuma pistoni mbili zenye springi, na springi zinaiweka akiba. Ikizidi, kuna tundu la kuyarudisha mafuta chini, yazunguke upya.

Sasa meno yameisha, na ukuta umeliwa. Asubuhi mafuta ni mazito, kwa hiyo yanashika. Injini ikipata moto yanakuwa mepesi na kuteleza kurudi nyuma kati ya jino na ukuta. Presha inaanguka. Gavana anajua la kufanya lakini anachelewa. Injini inachoka, yeye anafika akiwa amechelewa na kumimina dizeli nyingi. Inakimbia, anachelewa tena kupunguza. Juu, chini.

Ni hilo tu. Nimelijua tangu siku ya kwanza.

Na hata hivyo mchana ukifika naweka kigoda karibu na injini, nakaa.

Jumanne, Juni 10

Janepher ana tabia ya kufungua redio kwa sauti kubwa kila mchana, pale pale injini inapoanza. Muziki wa Kampala, matangazo ya sabuni. Ukuta wa ofisi yake ni bati, unatetemeka. Nilimwomba apunguze, akasema yeye ni mwenye kiwanda. Nyakuoth alimpenda mwanamke huyu, sijui kwa nini. Mimi naona hana moyo.

Alhamisi, Juni 19

Janepher aliniita langoni mbele ya wateja.

“Weye Malith, banange! Taa iko naruka, kompresa iko nalia, barafu natoka laini kama ugali. Watu wa kliniki nauliza barafu ya kubeba dawa ya watoto, mimi napatia wao maji?”

“Gavana amechoka, mama. Pampu yake ndiyo imeisha.”

“Basi ponya yeye.”

“Pampu haipatikani hapa.”

“Iko Kampala. Piga Yafesi, yule mtu wa spea, atafuta, analeta na lori.” Akanyoosha kidole. “Sikia vizuri. Mvua ikiisha na hii mashine bado nahema, nauza yeye chuma. Naleta mbili ndogo. Ile ndogo haiko na maneno.”

Wateja wakacheka. Nilicheka nao, kwa adabu.

Nimerudi nyumbani na jambo hili moja. Nikimponya gavana, sauti itanyamaza. Nisipomponya, injini itakatwa vipande na sauti itakwenda nayo, na mpaka hizo ndogo zifike Owen atakosa kazi, na kliniki itakosa barafu. Njia zote mbili zinanitoa pale kwenye kigoda. Tofauti ni kwamba moja inanipa mpaka mwisho wa mvua.

Sikumpigia Yafesi.

Jumatatu, Juni 23

Sikumpigia.

Jumatano, Julai 2

Leo nilimpigia, kwa sababu Janepher alisimama mlangoni mpaka nikatoka na simu. Mtandao kwetu ni mbovu, ikabidi niende hadi barabarani, karibu na soko. Yafesi alikuwa Kampala katikati ya makelele, nami nikawa napiga kelele zaidi.

“Gavana hana presha! Gavana! Ndiyo! Asubuhi yuko sawa, mchana anazidiwa, anahema tu! Hapana, dawa haisaidii, moyo umeisha! Nitafutie mwingine huko! Tutamfungua hapa hapa, tutautoa wa zamani tuutupe!”

Nilipokata simu, barabara ilikuwa imenyamaza. Mwanamke aliyeuza karanga alikuwa ameweka mikono kichwani. Mwanamume mwenye miwani myeusi na shati lililopigwa pasi akanishika kiwiko.

“Gavana yatu?” akauliza. Gavana yupi?

“Wa injini.”

“Injini ina gavana?”

“Ndiyo, afande.”

“Na waziri inaye?”

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Jina lake Jada, mtu wa usalama, na Kiswahili amekipata kambini Uganda. Akaniambia nimwonyeshe huyo gavana, na nisipokuwa naye nitaona. Tukatembea katika matope, yeye nyuma yangu, na watoto wakitufuata wakiimba kwamba gavana amekufa.

Tulifika injini ikiwa imeshapata moto. Nikamwonyesha. “Huyu.” Nikaanza kumweleza gia na meno na presha. Akainua mkono ninyamaze. Alisikiliza ikivuta juu, ikilegea, ikikaa. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu mzee kuliko shati lake.

“De nafas ta zol,” akasema polepole. Hii ni pumzi ya mtu.

Alikaa kwenye kigoda changu bila kuuliza. Kila mtu mji huu ana mtu wake aliyemngojea pale pumzi inapokaa. Alipoondoka, alisema nimtibu gavana wangu haraka na nisipige simu tena sokoni.

Alhamisi, Julai 3

Mji mzima unaniuliza hali ya gavana.

Jumatano, Julai 9

Mvua imebomoa choo. Nimejenga upya na Owen. Ameniimbia wimbo wa arusi kwa Kigisu, ana sauti nzuri.

Jumanne, Julai 22

Yafesi amepata pampu nzima pamoja na kitako chake, imetolewa kwa gavana wa injini nyingine ya kinu. Lori limekwama matopeni upande wa Nimule, mpakani. Nilifurahi kusikia kwamba limekwama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, Agosti 1

Leo redio ilikosa betri.

Injini ilipoanza nilikuwa kwenye kigoda. Janepher akatoka ofisini, akaja mpaka mlango wa chumba cha injini, akasimama akishika fremu kwa mikono miwili. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

“Weye nafikiri mimi ni kiziwi?” akasema.

Nikanyanyuka kumpa kigoda. Hakukaa.

“Mimi nilishika Nyakuoth kichwa, Malith. Wiki ile yote weye iko hapa na mashine mchana, nani iko na yeye? Mimi. Nyinyi wanaume mlikuja jioni. Saa hii ya jua kali mimi ndiye nasikia yeye nahema. Kwa nini nafikiri mimi naweka redio?”

Ni kweli. Ile wiki alifunga ofisi mchana. Na Nyakuoth alipofariki, Janepher ndiye aliyeleta mabonge ya barafu yakawekwa chini ya kitanda kuuhifadhi mwili, mpaka Nyachangkuoth, dada yake marehemu, alipofika. Niliyaona yale mabonge nikadhani ni Owen.

“Kumbe ni wewe uliyeleta barafu,” nikasema.

“Nani mwingine? Owen naogopa hata kivuli yake.” Akajipangusa kwa kitambaa cha kichwa. “Nyakuoth alikuwa naambia mimi, ‘Mama Barafu, bwana yangu husema kidogo, lakini anasikia sana.’ Basi sasa umesikia ya kutosha.”

Akaondoka. Nilibaki na injini. Kwa mara ya kwanza nilitamani redio.

Jumatatu, Agosti 4

Nimempelekea Janepher betri nne.

Jumamosi, Agosti 16

Pampu imefika.

Jumapili, Agosti 17

Niliomba ruhusa ya kufanya kazi Jumapili. Tulizima injini asubuhi. Nikatoa mafuta ya gavana, yalikuwa meusi kama kahawa. Nikamfungua. Gia za zamani zilikuwa zimelika na kung’aa, nzuri kutazama, na ukutani palikuwa na mkwaruzo mpana ambao ningeweza kuingiza ukucha. Nikafunga pampu mpya, nikajaza mafuta safi. Owen alisaidia kukaza bolti akiwa ameangalia pembeni.

Tukawasha. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikakataa. Tena. Ikakataa. Mkono wa dizeli haukusogea hata kidogo. Gavana hakuwa na presha kabisa.

Mpaka jioni maji ya barafu yalikuwa yamepita chini ya mlango hadi barabarani. Janepher alisimama akiyatazama.

“Pampu ni mbaya?” akauliza.

“Labda haifai,” nikasema.

Nikarudisha ya zamani. Injini ikawaka, na kwa kuwa ilikuwa baridi ilitulia.

Jumatatu, Agosti 18

Pampu inafaa. Nilijua jana kabla jua halijazama, nikiwa nimeshika kitako chake mkononi.

Ile injini ya kinu ilikuwa inazunguka kinyume na yetu. Gia ni zile zile, lakini ukizizungusha kinyume, upande wa kuvuta unakuwa upande wa kusukuma. Kwa hiyo pampu yetu mpya ilikuwa inayavuta mafuta kutoka pale penye springi na kuyamwaga chini. Kitako kina matundu manne, na mawili yamezibwa kwa vizibo vya chuma. Unafungua vizibo, unavihamishia kwenye matundu mengine mawili. Basi. Mtu anaweza kumaliza kabla chai haijapoa.

Hakuna mwingine anayejua. Nikisema haifai, wataamini. Sauti itakaa mpaka mvua iishe.

Leo mchana nilikaa nikasikiliza, na vizibo vilikuwa hapo mbele ya macho yangu.

Jumanne, Agosti 19

Nyachangkuoth amekuja. Anaishi mtaa wa Mangateen na watoto wake, na tangu mazishi sikwenda kumwona hata mara moja, maana sauti yake na ya dada yake zilitoka chungu kimoja. Aliingia chumba cha injini na mwavuli uliovunjika, matope mpaka magotini.

“Shemeji, umenitupa,” akasema, kwa Kiswahili chetu, kile cha Kakuma.

“Sikukutupa.”

“Umenitupa. Huyu mama wa barafu ndiye amenipigia simu. Ati dada yangu ako hapa kwa mashine. Nikasema wacha niende nimsalimie.”

Nikampa kigoda. Injini ilikuwa imeshaanza. Akakaa, akasikiliza. Nilimtazama usoni nikingoja aione, kama Jada alivyoiona. Alisikiliza sana. Kisha akakunja midomo.

“Huyu si Nyakuoth.”

“Sikiliza hapo inapokaa.”

“Nasikiliza. Nyakuoth alikuwa anakoroma, shemeji. Ule mkoromo! Kakuma majirani walikuwa wanagonga bati usiku kucha. Umesahau? Na akikimbia alikuwa anapiga mluzi puani, kwa sababu aliwahi kuanguka utotoni. Na akicheka alikuwa anakosa pumzi mpaka tunamgonga mgongo. Hii mashine inakoroma?”

“Haikoromi.”

“Inapiga mluzi?”

Nilianza kucheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, kilikuja na machozi. Nilikuwa nimeusahau ule mluzi. Kweli nilikuwa nimeusahau. Miezi yote hii nilikuwa nikiketi hapa mchana nikidhani namtunza, na kumbe sikukumbuka hata mara moja pua ya mke wangu.

“Umeshika ile wiki moja,” akasema Nyachangkuoth. Hakusema kwa ukali. “Zile pumzi zingine zote umeachia nani?”

Alikaa mpaka mvua ikapungua. Aliniambia habari za Nyakuoth akiwa mtoto ambazo sikuwahi kuzisikia, jinsi alivyomwuma mbuzi sikio. Alipoondoka nilimpa mwavuli wangu.

Nikamwendea Janepher. Nikamwambia pampu inafaa, ni vizibo tu, na kwamba nilijua tangu Jumapili.



“Kesho asubuhi,” akasema. “Leo wacha yeye aheme mara ya mwisho.” Na hakufungua redio.

Jumatano, Agosti 20

Nimehamisha vizibo. Vilikuwa vimeshika kutu, nikavigonga taratibu na nyundo ndogo. Owen alishika taa. Nikafunga, nikajaza mafuta, nikafungua kidogo kizibo cha juu hewa itoke.

Injini ilizunguka mara chache, kisha mkono wa dizeli ukanyanyuka wenyewe, kwa utulivu, kama mtu anayeinuka kitini kumpisha mgeni. Ikawaka. Mchana ukafika, mafuta yakapata moto. Niliweka kiganja juu ya gavana. Alikuwa wa moto na hakutetemeka. Taa zilikaa mahali pamoja.

Owen alichungulia mlangoni. “Amenyamaza?”

“Amenyamaza.”

Alivua kofia. Tukasimama hivyo sisi wawili, na mlio ulionyooka ulipita mbele yetu kama barabara isiyo na mtu.

Sikulala vizuri.

Alhamisi, Agosti 21

Nilikaa kwenye kigoda mchana wote. Hakuna.

Ijumaa, Agosti 22

Hakuna.

Jumatatu, Septemba 1

Mvua kubwa, barafu ngumu. Watu wa kliniki wamekuja na masanduku yao, wakaondoka wameridhika. Nilimsikiliza gavana, kisha nikajaribu kuukumbuka ule mluzi. Ulikuja kidogo.

Jumapili, Septemba 7

Nimekula Mangateen kwa Nyachangkuoth. Tumezungumza mpaka ulimi ukachoka.

Ijumaa, Septemba 12

Leo Owen alidai kwamba kwao Mbale kuna ndizi ndefu kuliko mkono wake, Janepher akasema Wagisu ni waongo tangu Nuhu. Wakabishana tangu chakula cha mchana. Nikaitwa niwe hakimu. Owen alinyoosha mkono, Janepher akaupima kwa msumeno wa barafu, na muuza karanga akaja kutazama, akaweka neno lake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mvua ikatukuta pale langoni, tukasogea chini ya bati tukiendelea.

Jioni niliingia kuzima injini. Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi ndipo nikakumbuka. Jua lilikuwa limeshakwenda upande wa pili wa mto. Mchana wote ulikuwa umepita, na sikusikiliza.

Nilisimama sijui nimwambie nani. Kisha nikazima.